Juu ya Kikombe na Adabu ya Meza katika Karamu za Washindi



Mashindano yakiisha, na vumbi la kiwanja likitulia, huja siku ya karamu. Meza hutandikwa vitambaa vyeupe, wachezaji huvaa suti na tai, wakubwa huketi mbele, na majina huitwa moja moja: mfungaji bora, mlinda mlango bora, mchezaji wa mwaka. Mbele ya kila mtu pana bilauri, na mara nyingi ndani yake mna bia. Vijana wa sharika zetu nao hualikwa, maana wako wachezao mpira vizuri na wakimbiao kwa nguvu. Basi wazazi na walimu huuliza: Mkristo akiwekewa bia katika meza ya heshima, afanyeje?

Swali hili laonekana dogo. Lakini ndani yake limo jingine lililo kubwa zaidi, yaani: adabu ya meza ni nini hasa? Je, ni desturi ya nje tu, kama kujua uma hushikwa kwa mkono gani, au ni jambo la moyo?

Tusistaajabu kwamba bia ipo katika karamu hizi. Michezo ya siku hizi hutaka fedha nyingi, na wenye viwanda vya bia ni watoaji wakubwa. Simba na Yanga, watani wa jadi, walipata kuvaa vifuani jina la bia ileile moja. Timu ya Tusker ya Kenya huitwa kwa jina la bia. Hata mbio ndefu za Kilimanjaro, zilizoanza kukimbiwa Moshi mwaka 2003, kwa miaka mingi zimebeba jina la bia. Alipaye karamu hupenda kuona chupa yake juu ya meza. Hilo laeleweka, lakini kijana ajue ya kuwa chupa ile haikuwekwa pale kwa ajili ya kiu yake.

Wala sisi hatusemi ya kuwa kinywaji chenyewe ni najisi. Bwana wetu alikwenda arusini Kana, wala hakuwakemea wenye karamu. Katarina, mkewe Dk. Martin Luther, alipika bia nyumbani mwao Wittenberg, na Luther aliinywa kwa shukrani. Lakini yeye huyo aliukemea ulevi wa watu wake kwa maneno makali, akauita shetani wa nchi ya Ujerumani. Aliyajua yote mawili: zawadi, na mtego uliofichwa ndani ya zawadi.

Babu zetu nao waliyajua. Katika makabila mengi, mwenye kuileta pombe huonja kwanza mbele ya wageni, ili wajue ya kuwa hamna sumu. Tazameni jambo hili vizuri. Adabu ya kikombe asili yake haikuwa fahari. Ilikuwa kumlinda mgeni. Mwenyeji alisema kwa tendo: Uhai wako umo mikononi mwangu, nami nautunza. Basi twauliza, katika karamu zetu za suti na tai, ni nani amtunzaye mgeni?

Hapa yatupasa kuungama neno moja. Zamani tulikuwa katika karamu ya timu moja ya mpira. Mezani petu aliketi mtu mzima, mlinda mlango wa zamani, aliyekuwa ameacha pombe baada ya kuharibikiwa sana. Sisi tulilijua jambo hilo, maana tulikuwa tumeomba pamoja naye. Ilipofika saa ya kumtakia nahodha heri, mtu mmoja alimjazia bilauri akasema, “Mzee wetu, usituaibishe leo.” Watu wakacheka, nasi tukacheka. Yule mzee hakumtazama mwenye chupa, alitutazama sisi. Kisha akanywa. Baada ya usiku ule kiti chake kanisani kilikaa kitupu miezi mingi. Mkewe alipotujia kuomba msaada hakutulaumu, na hilo lilituchoma kuliko lawama.

Usiku ule hakuna aliyevunja kanuni ya meza. Visu viliwekwa mahali pake, hotuba zilikuwa nzuri, hakuna aliyetapika wala kutukana. Lakini jirani yetu aliangushwa mbele ya macho yetu, kwa kicheko. Tangu siku ile hatuwezi kukubali ya kuwa adabu ni jambo la uma na kisu tu. Waungwana husema: adabu si adhabu. Ni kweli, lakini karamu ile ilikuwa adhabu kwa mtu mmoja, na sisi tulikuwa miongoni mwa waadhibu.

Na tulinganishe mambo mawili yaliyotokea mbele ya ulimwengu wote. Huko München, Ujerumani, ni desturi wachezaji wa Bayern kumwagiana bia kwa bilauri kubwa wanapotwaa ubingwa. Mwezi wa Mei mwaka 2013 Mfaransa Franck Ribéry, aliye Mwislamu, alimwagiwa na mwenzake, akakasirika sana. Pengine aliyemwagia alidhani ni mchezo tu. Lakini furaha isiyotazama ni nani aliye mbele yake, hiyo ni furaha ya nusu.

Jambo la pili lilitokea Hobart, Australia, mwezi wa Januari mwaka 2022. Waaustralia walikuwa wamewashinda Waingereza katika kriketi, nao walikuwa jukwaani pamoja na kombe lao, tayari kurushiana mvinyo wa shampeni. Mwenzao Usman Khawaja, Mwislamu aliyezaliwa Pakistan, alijitenga kando ili asilowe. Nahodha, Pat Cummins, akaona. Akawaambia wenziwe waweke chupa chini, akampungia Khawaja mkono apande. Akapanda, wakafurahi wote pamoja. Nahodha huyo hakuhubiri juu ya pombe, wala hakumwambia mtu kwamba ametenda dhambi. Aligeuza macho akamwona asiyekuwapo. Twasema, hii ndiyo adabu, wala hatuoni haya kujifunza kwa wachezaji wa kriketi yale aliyowaandikia Paulo Wakorintho juu ya nyama na ndugu aliye dhaifu.

Kumbe neno lenyewe ni hili: uhuru wa kunywa hujulikana kwa uwezo wa kuweka chini. Awezaye kuinua bilauri, asiweze kuiweka chini kwa ajili ya jirani yake, huyo si mtu huru. Bilauri ndiyo inayomshika.

Lakini tusiwaseme wanywaji peke yao. Yuko na mtu asiyekunywa, aketiye mezani uso umekunjwa, akihesabu chupa za wengine kama mtoza ushuru. Huyu naye amekosa adabu. Amekataa bia, lakini amelewa haki yake mwenyewe. Mwenye kukataa akatae kwa upole, kwa neno moja, “Asante, mimi nitakunywa maji,” kisha aulize habari za watoto wa jirani yake.

Wala asiogope kwamba ataharibu heshima ya meza. Hata katika desturi za karamu kubwa za Uingereza, anayetakiwa heri huketi wenziwe wanaposimama, wala hanywi kwa heshima yake mwenyewe. Asiyekunywa pombe naye huinua bilauri ya maji, na heri yake haipungui. Heri haimo katika kinywaji. Imo katika moyo wa amtakiaye mwenzake.

Kwa ninyi mnaoandaa karamu katika shule, vilabu na sharika, twashauri machache. Maji na maji ya matunda yawekwe mezani kwa heshima ileile, yasifichwe jikoni ili mtu ayaombe kwa aibu. Vijana wasiotimiza umri wasiketishwe mbele ya chupa. Mtu asijaziwe bilauri bila kuulizwa, na akisema hapana asiulizwe sababu, kwa maana sababu yake pengine ni kidonda. Tena chakula kiletwe mapema. Hotuba ndefu juu ya tumbo tupu zimewalewesha wengi.

Na wewe mwalimu, ukialikwa, nenda. Usikimbie meza ya washindi, maana hata huko wako kondoo. Lakini kabla hujagusa bilauri yako, tazama kulia na kushoto. Huenda yuko mmoja akutazamaye wewe, kama sisi tulivyotazamwa usiku ule. Kombe ni la mshindi, nalo litakaa kabatini. Bali kikombe ulichokiweka chini kwa ajili ya ndugu yako, huenda ndicho kitakachomrudisha nyumbani salama.