Kiroba Kilichofungwa

Katika machimbo mengi ya wachimbaji wadogo wa dhahabu kuzunguka Kahama, Tanzania, ujira hautolewi kwa noti. Hutolewa kwa viroba vya mawe. Mwenye leseni huchukua fungu lake, mwenye duara, yaani shimo, lake, na walioshuka na nyundo hugawana kinachobaki. Mtu hubeba kiroba begani mpaka kwenye karasha bila kujua kama amebeba ada ya shule au kokoto tupu. Mawe yasagwe, unga upitishwe kwenye mwalo, zebaki ikamate cha kukamata, kisha iunguzwe. Hapo ndipo atakapojua alilipwa nini kwa kazi ambayo mwili umeshaisahau.

Hali hiyo ya kutojua tunaizungumzia ovyo. Aliyeuza ng'ombe akanunua dizeli ya pampu, akarudi mikono mitupu, huambiwa ana tamaa, au hana akili, au mganga kamchezea. Siku hizi amejitokeza msemaji mwingine, mwenye maabara, naye anasema: dopamini, kemikali ya ubongo.

Tumsikilize, maana huyu walau amepima. Mwanasayansi Wolfram Schultz na wenzake walichunguza seli za dopamini katika bongo za kima walioonyeshwa picha, kisha wakapewa, au wasipewe, tone la kinywaji kitamu. Mwaka 2003 walieleza kwamba picha iliyobashiri tone kwa nusu kwa nusu ndiyo iliyozifanya seli hizo zizidi kuchangamka muda wote wa kungoja. Palipokuwa na hakika ya kupata au ya kukosa, mchangamko huo wa kungoja haukuonekana. Basi kiroba kilichofungwa kina utamu wake, na mshahara wa mwisho wa mwezi hauujui.

Lakini kutojua huko huko kuna uchungu. Kwa hilo hatuhitaji kwenda mbali. Mwanasayansi Robert Sapolsky, Mmarekani, alianza mwaka 1978 kuwafuatilia nyani wa Maasai Mara, Kenya. Aliwapulizia mshale wa usingizi kwa bomba na kuwatoa damu upesi, kabla hofu ya kukamatwa haijaharibu kipimo. Alikuwa akitafuta homoni za msongo, kortisoli hasa. Kundi lilipotulia, madume wa ngazi ya chini ndio waliokuwa nayo nyingi: yeyote wa juu aliyeamka na kisirani aliwamalizia wao. Ngazi zilipotikisika, mambo yakageuka. Msongo ukawapanda wakubwa, waliokuwa wakipigania vyeo visivyo na uhakika. Hapo ndipo ninapokaa zaidi. Cheo chenyewe hakikuwa kinga. Kilichowatesa wa chini jana na wa juu leo ni kutojua pigo litatoka wapi.

Sasa asali na sumu zinatoka chungu kimoja, na kemia peke yake hainiambii nani ataonja ipi. Naona inafaa kuuliza kwanza nani anaubeba mzigo. Kima wa Schultz hakukopa ili aione ile picha. Tone likikosekana, hakuna aliyemgongea mlango.

Itazame Kahama kwa jicho hilo. Migodi mikubwa, Bulyanhulu ulioanza uzalishaji mwaka 2001, au Buzwagi uliofungwa 2021, hutoboa ardhi kwanza, sampuli zikapimwa, hesabu ikapigwa, ndipo uchimbaji uanze. Kampuni huinunua sehemu kubwa ya "labda" mapema, kwa fedha nyingi, na kuitupa. Mchimbaji mdogo hana fedha hiyo, kwa hiyo "labda" yote inabaki. Na haibaki palepale, inateremka. Mwenye leseni anakula fungu kutoka maduara kadhaa; moja likikauka, jingine linafidia. Mwenye duara ana lake moja au mawili. Mshika nyundo ana kiroba.

Sapolsky, katika kitabu chake Determined cha mwaka 2023, anafika mbali zaidi: anasema binadamu hana utashi huru hata kidogo. Mimi simfuati mpaka huko, na kusema kweli hainilazimu. Hata mtu awe huru kama ndege, bado itabidi aelezwe kwa nini hatari ya eneo zima imewekwa kwenye bega lake, kisha akaitwa mwenye tamaa kwa kuihisi.

Chini ya mshika nyundo yupo bado mtu. Mama ntilie analeta wali na maharage kando ya duara, na wakiwa hawajapata, anaandika kwenye daftari: sahani sita, watalipa wakisaga. Hakushuka shimoni, wala hana kiroba cha kukitazama kikiingia kwenye karasha, moyo ukienda mbio. Ana daftari. Jioni anahesabu mistari, anakisia mchele wa kesho, kisha anaenda dukani kuomba naye aandikwe.