Swichi ya Pembeni

Mpendwa, Alhamisi nilikuwa ofisini usharikani nikiandaa mahubiri, kompyuta ikagoma kushika waifai. Ni ThinkPad ya zamani, inatumia Linux. Simu yangu, pale pale mezani, ilikuwa ikipata mtandao vizuri kabisa. Nikazima, nikawasha. Nikaingiza nenosiri upya mara tatu. Wapi!

Kijana mmoja wa kwaya akapita kunisalimu. "Tusihangaike na nenosiri, Baba Mchungaji," akasema. "Tuangalie kwanza kama redio ya mashine yenyewe iko wazi." Akafungua lile dirisha jeusi, akaandika rfkill list, kisha akanionyesha mistari miwili kwa kidole. Kizuizi laini: hapana. Kizuizi kigumu: ndiyo.

Kile laini, alinieleza, huwekwa na programu, na programu hukiondoa. Unaandika rfkill unblock wifi, basi. Kile kigumu ni cha swichi, na amri hiyo hata uiandike mpaka jioni haikigusi. "Hiki kinataka mkono, Baba." Akapapasa ukingo wa mashine, akasukuma kidude chembamba ambacho sikuwahi kukitilia maanani. Alama ndogo ya kijani ikatokea, na punde majina ya mitandao yakajipanga kwenye kioo.

Alipoondoka, mahubiri hayakuendelea. Nilimkumbuka mzee wa kanisa tuliyetofautiana naye juu ya hesabu za ujenzi. Kila alfajiri nimekuwa nikisema, "Bwana, nimemsamehe," na nilimaanisha. Lakini tukikutana getini, namsalimu huku macho yangu yako kwenye saa.

Sisemi kwamba sala zile zilipotea bure. Hasha. Ukiisukuma swichi huku programu bado imefunga, mtandao hauji. Moyo nao lazima ufunguliwe kwa ndani. Ila Yesu, katika Mathayo 5, anamtaka mwenye sadaka aiache kwanza mbele ya madhabahu, aende akapatane na ndugu yake. Aende. Hapo miguu inahusika.

Je, mpendwa, lipo jina unaloliombea kila siku ambalo hujalipigia simu? Usijilaumu. Pengine hukumbuki hata swichi ilisukumwa lini. Ya kwangu nadhani ilikwaruzwa na mkoba nilipokuwa nikiitoa mashine, nami sikuhisi kitu. Mara nyingi ndivyo tunavyofungana: neno moja la haraka kikaoni, salamu moja iliyokosa jibu. Na muda wote ule mtandao ulikuwa umejaa chumbani, kama upendo wa Mungu unavyotuzunguka hata siku tusizouhisi. Papasa taratibu. Ni wapi mkono wako haujafika?

Jioni ile nilikwenda kwa mzee. Nilimkuta akimwagilia mchicha. Aliponiona aliiweka ndoo chini, akajifuta mikono kwenye suruali, akasema, "Karibu, Mchungaji," akaingia ndani kunitolea kiti.