Kutunza si Kufungia

Wiki hii nimeshuhudia jambo ambalo mpaka sasa halijanitoka moyoni. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alituita ndugu wachache nyumbani kwake kupanga harusi ya mwanawe. Maongezi yalipopoa, akaingia chumbani, akatoka na kasha dogo, akavaa glovu za kitambaa na kutufunulia saa yake ya mkono: Omega Speedmaster ya miaka ya 1960, uso mweusi wenye vijisaa vitatu ndani yake, kioo hakina hata mkwaruzo. Tuliinama wote kuitazama. Ilikuwa imesimama.

Kijana akasema kwa adabu, "Baba, naomba niivae siku ya harusi tu. Jioni nakurudishia."

Mzee akatabasamu huku akiifunika. "Hii haivaliwi, mwanangu. Hii ni mali. Ukiivaa, unaila."

"Sawa, baba," kijana akajibu, na tukarudi kwenye hesabu za ukumbi na mapambo. Lakini mimi nilimwona alivyoinamisha uso.

Najua nitakavyojibiwa. Pilipili usiyoila yakuwashia nini? Saa ni ya mzee, kaitolea jasho lake, na bei ya kronografu za zamani kama hii imepanda kiasi kwamba mkwaruzo mmoja ni hasara ya fedha nyingi. Kwa nini aihatarishe kwenye ukumbi wenye vumbi, jasho na watu wanaocheza mpaka usiku wa manane? Hoja hiyo ina uzito, na sitaki kuipita juu juu.

Tuanze na kitu chenyewe. Kronografu ni saa iliyoongezewa kazi: pamoja na kukuambia ni saa ngapi, inapima jambo limechukua muda gani. Fundi saa mmoja aliwahi kunifungulia ya zamani na kuniazima lenzi yake. Ndani niliona gurudumu dogo lenye vinguzo vilivyosimama wima kwa duara, kama minara ya ngome. Akabonyeza kitufe cha juu: gurudumu likasogea hatua moja, ncha ya wenzo ikadondokea kwenye pengo kati ya vinguzo viwili, na mshale wa sekunde ukaondoka. Akabonyeza tena, ukasimama. Akabonyeza cha chini, ukaruka mpaka sifuri. Ufundi wote ule umekaa pale ukingoja kidole cha mtu mwenye jambo la kupima.

Na yapo mambo yaliyopimwa. Aprili 1970, chombo cha Apollo 13 kiliharibika kikiwa njiani kwenda mwezini, na wanaanga wakazima mitambo mingi ili umeme usiwaishie. Ilipobidi wawashe injini kwa sekunde 14 kurekebisha njia ya kurudi duniani, Jack Swigert alizihesabu kwa Speedmaster aliyokuwa ameivaa. Leo watu wanaitafuta saa ya aina hiyo kwa udi na uvumba kwa sababu ilivaliwa, ikategemewa, na haikuwaangusha.

Chukua pia Rolex Daytona ya mwigizaji Paul Newman, iliyouzwa mnadani New York Oktoba 2017 kwa dola 17,752,500. Ni ya chuma cha pua, haina dhahabu wala almasi. Mkewe, Joanne Woodward, alimnunulia na kuchoresha nyuma yake maneno ya kumsihi aendeshe gari kwa uangalifu, maana mumewe alikuwa ameingia kwenye mbio za magari. Newman aliivaa miaka mingi. Mwaka 1984 akamvulia kijana aliyekuwa mpenzi wa binti yake, na kijana naye akaivaa. Waliopandisha dau siku ile walikuwa wanashindania mapenzi ya mke, mkono wa mume na ukarimu wa baba. Ingefungiwa tangu siku iliponunuliwa, ingekosa hayo yote.

Mabingwa wa kukusanya saa wenyewe wanalijua hili. Uso mweusi uliogeuka kahawia kwa jua na miaka huuzwa ghali kuliko uliobaki mweusi. Wanalipia alama za maisha. Ubaya ni kwamba bei ikishapanda hivyo, wapo watakaozighushi. Mwaka 2021 Speedmaster moja yenye uso wa kahawia iliuzwa Geneva kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi. Mwaka 2023 ikabainika kwamba imeunganishwa kwa vipuri vya saa mbalimbali. Aliyeinunua ni Omega, kwa ajili ya makumbusho yake. Kitu kikigeuzwa bei tupu, hata aliyekizaa anaweza kushindwa kukitambua.

Hapo nitaulizwa: kama kila mtu angevaa saa yake, ya kale ingesalia wapi? Si kuna wakati kuficha ndiko kunakookoa? Ndiyo, upo, na Charles Vermot alituonyesha. Alikuwa fundi wa Zenith mjini Le Locle, Uswisi. Mwaka 1975, saa za kwatzi zinazotumia betri zikiwa zimeteka soko, wenye kampuni waliamuru utengenezaji wa El Primero, mtambo wa kronografu inayojitia ufunguo yenyewe, ukome na vifaa vyake viondolewe. Vermot akavibeba kwa siri mpaka darini, akavipanga na kuandika maelezo yake yote. Mwaka 1984 kazi iliporudi, vifaa vilishushwa vikatumika, na kuanzia 1988 hadi 2000 mtambo huo, ukiwa umerekebishwa, ndio uliokuwa ndani ya Daytona za Rolex. Vermot alificha ili wengine wapate kutumia. Hilo ndilo naliita kutunza. Kukifungia kitu kisitumike na yeyote, ukingoja bei, ni jambo jingine kabisa, hata kama kasha ni lile lile.

Basi wengine wana jibu lao, nami nina langu. Mwenye saa ya thamani aitie ufunguo. Aipeleke kwa fundi mafuta yakikauka, maana hukauka hata ndani ya kasha. Aikatie bima kama ana hofu, kisha aivae. Na angali hai amvishe anayemfuata, amweleze ilikotoka na ilichopima. Urithi unaopokewa mkono kwa mkono huja na historia yake. Unaokutwa kabatini baada ya matanga huja na bei tu, na bei ndiyo inayowagombanisha ndugu.