JE, JAMBO ZITO LINAWEZA KUFUNDISHWA KWA MCHEZO?

Bismillahi Rahmani Rahim.



Hukumu ya vileo unaijua: Sura Al-Maida, aya ya 90, imefunga mlango. Leo swali ni lingine. Tuifikishe namna gani hukumu hiyo kwa mtoto wa miaka kumi, kabla rafiki mbaya hajamfikia? Wako kati yetu wanaotaka tuwakusanye watoto wa masomo uwanjani, kwa mpira na mashindano, tuwafundishe hapo juu ya bangi na pombe. Wengine wanakataa: haramu haichezewi, na tena ukiitaja mbele ya mtoto umemfungua macho.

Shaka hiyo ni ya watu wanaomcha Mungu, tusiidharau. Lakini macho ya mtoto yamekwisha kufunguliwa. Anapita karibu na nyumba wanamopika lotoko. Anawaona watoto wa barabarani wakivuta kole. Kinshasa, mwaka 2021, vijana walionekana wamesimama njiani kama waliolala, kwa sababu ya unga uitwao bombé, uliotokana na kifaa cha bomba la moshi la motokari kilichosagwa na kuchanganywa na vidonge. Kunyamaza kwetu hakumfichi mtoto kitu. Kunamwacha bila mwalimu tu.

Je, maonyo peke yake yanatosha? Mwaka 1983, katika mji wa Los Angeles, Marekani, polisi walianza kuingia madarasani kuwaonya wanafunzi. Mpango huo ukaenea nchi nzima. Wachunguzi walipoupima katika miaka ya 1990, waliona tofauti ndogo sana kati ya watoto waliofundishwa hivyo na wasiofundishwa. Kusikia si kuzoezwa. Siku rafiki atakapomwambia, “Vuta kidogo tu, ao unaogopa?”, mtoto anahitaji jibu lililo tayari mdomoni.

Na Mtume wetu (s.a.w.) alifundishaje? Alichora mistari chini kuwaonyesha masahaba ajali ya mtu na matumaini yake. Siku nyingine aliwauliza kama kitendawili juu ya mti unaofanana na Mwislamu. Ibn Umar, kijana mdogo, alijua ni mtende, lakini akanyamaza kwa haya mbele ya wakubwa. Baadaye baba yake alimwambia kwamba angefurahi sana kama angelisema. Watoto wetu wangapi wanajua jambo, wamenyamaza kwa sababu hatuwaulizi?

Basi fanya hivi, Jumapili moja, katika parsela ya msikiti. Simamisha fimbo, mtoto aiinamie na kuizunguka mara kumi, kisha abebe kopo la maji bila kumwaga. Wote watacheka. Wakimaliza, uliza: “Huyu, sasa hivi, ungemwachia mdogo wako avuke naye barabara?” Hapo wataelewa kwa nini Imam Ghazali aliihesabu akili kati ya mambo matano yanayolindwa na sheria, pamoja na dini, nafsi, kizazi na mali. Kisha waigize wawili wawili: mmoja anashawishi, mwenzake anakataa na kuondoka. Warudie mpaka kukataa kuwe kwepesi.

Lakini liko sharti zito kuliko michezo yote. Mtoto akitoka uwanjani akatumwa na mjomba kununua sigara, amefundishwa mara mbili siku moja, na funzo la pili ndilo litakalokaa. Wewe mwenye farmasi, unayeuza vidonge vikali bila karatasi ya daktari, faida hiyo inatoka kwa mtoto wa nani? Na yule anayevuta kole karibu na mlango wa msikiti, tunayemfukuza kila Ijumaa, naye amealikwa uwanjani? Kama hapana, tumewafundisha walio salama tu, na mgonjwa tumemwacha nje.

Ewe Mola, tulindie akili za watoto wetu, na utujaalie sisi wakubwa tuwe wa kwanza kuyafanya tunayowafundisha. Amin.

Wassalaam alaykum.

(Karatasi hii ina majina matukufu. Usiitupe chini, mpe jirani asome.)