Sabuni ya Dada wa Kazi

Dada wa kazi amefika juzi kutoka kijijini, na tayari mama mwenye nyumba anamnong'oneza jirani kwamba binti ananuka jasho. Jirani anahusikaje? Mwite binti mwenyewe, watoto wakiwa shuleni, umwambie kwa upole: mdogo wangu, tunaoga asubuhi na jioni; ukitoka chooni, na kabla ya kumlisha mtoto, nawa kwa sabuni.

Lakini sabuni yake iko wapi? Taulo je, na pedi? Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unataka mfanyakazi anayeishi kwa mwajiri apate makazi yenye staha na faragha. Staha hiyo inaanza na sabuni, taulo na pedi: mnunulie leo, ndipo mzungumze.