Zebedeo Alibaki Chomboni

Mafundisho kwa jamaa zilizomtoa mwana kwa kazi ya Mungu

Ziwa la Galilea si ziwa kubwa. Urefu wake ni kilometa 21 hivi, upana wake kilometa 13. Mtu asimamaye pwani moja huiona milima ya pwani ya pili. Lakini siku ile Bwana Yezu alipopita ufukoni na kuwaita Yakobo na Yoane, ziwa hilo dogo likawa pana sana kwa mtu mmoja. Mtu huyo ni Zebedeo, baba yao. Mtakatifu Marko asimulia kwamba vijana hao wawili walikuwa chomboni wakitengeneza nyavu. Walipoitwa waliondoka wakamfuata Yezu, wakamwacha baba yao chomboni pamoja na watu wa mshahara.

Wakristu wakisikia habari hiyo kanisani, macho yao huwafuata wale wanaokwenda. Ni vema pia kumwangalia yule aliyebaki. Evanjili haisemi kwamba Zebedeo alipiga kelele, wala kwamba aliwashika wanawe kwa nguo. Haisemi pia kwamba alifurahi. Yamwacha pale pamoja na nyavu zake. Samaki walipaswa kuvuliwa kama siku nyingine zote, na nyavu zilipaswa kutengenezwa, nayo mikono minne ilikuwa imepungua. Je, mzee huyo hakumpa Mungu kitu? Alimpa kitu kikubwa kuliko samaki wa mwaka mzima.

Na mama yao? Yeye alimwendea Yezu kuwaombea wanawe viti vya heshima, mmoja kuume na mmoja kushoto. Wazazi wengi husali hivyo: humtoa mwana kwa Mungu, kisha hungojea malipo, nyumba ya bati, sifa mbele ya majirani. Yezu hakumfukuza mama huyo. Alimwonyesha kikombe cha mateso. Naye hakurudi nyuma, kwa maana Mtakatifu Mateo amtaja kati ya wanawake waliokuwapo Kalvario. Baadaye mfalme Herode alimwua Yakobo kwa upanga. Hayo ndiyo yaliyofuata ile siku ya pwani: baba alibaki chomboni, mama alifika hata mbele ya msalaba.

Jamaa za pwani ya Tanganyika zaifahamu habari hiyo kwa upesi. Ziwa lao lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina chake chafika karibu metro 1,470. Kwa ziwa hilo Evanjili ilifika Mpala, na Mapadri Weupe walikabidhiwa mahali pale mwaka 1885. Katika nchi hiyo ya Marungu alizaliwa Stefano Kaoze, Mkongo wa kwanza wa nyakati hizi kupewa upadri. Aliupokea Baudouinville, katika nchi ya Moba, tarehe 21 Julai 1917. Watu hukumbuka majina ya mapadri. Majina ya mama waliobaki nyumbani Mungu ameyaandika.

Kwenye pwani ya pili, huko Karema, alifanya kazi Adrien Atiman. Alizaliwa mbali sana, Afrika ya Magharibi, upande wa mto Niger. Wafanya biashara ya watumwa walimnyakua akiwa mtoto. Mapadri Weupe walimkomboa, wakampeleka Malta kujifunza uganga. Kisha alitumwa Tanganyika, akawatibu wagonjwa na kufundisha dini kwa miaka zaidi ya 60, hata alipofariki mwaka 1956. Basi watu wa ziwa walitibiwa na mwana wa mama mwingine. Siku hizi vijana waliozaliwa pwani ya ziwa huenda nao kutumika katika nchi zile za jangwani ambako Atiman alitoka. Deni la mapendo linalipwa, nao wanaolilipa kwanza ni wazazi.

Na uchukuliwe mfano wa jamaa moja ya Kalemie. Mwana wao wa kwanza ni mmisionari katika nchi kavu ya Afrika ya Magharibi. Wakati wa kiangazi, shule zikiisha fungwa, baba, mama na watoto huenda kupumzika kijijini kwa bibi, kandokando ya ziwa. Mchana watoto huoga na kuvuta nyavu. Usiku taa za wavuvi wa ndagala huonekana majini kama mji. Jioni moja mikeka ilitandikwa, ugali na mgebuka vikaletwa, na mama hakula. Aliangalia mahali ambapo mwanawe alizoea kuketi. Kisha alimwambia binti yake: «Lete karatasi. Mwandikie kaka yako kwamba baba ni mgonjwa sana. Wakubwa wake watamruhusu arudi, nasi tutakaa naye walau mwezi mmoja.»

Binti alishika kalamu, asiandike. Baba alinyamaza, maana moyo wake nao ulipenda. Ndipo bibi akasema: «Mwanangu, siku ile mbele ya altare nilikuwa karibu nawe. Nilikuona ukimtoa. Ni nani anayerudi kwenye kikapu cha matoleo ili atwae fedha yake?» Mama alijibu: «Mama, sikumtoa ili nimsahau.» Bibi akasema: «Wala hukuambiwa umsahau. Lia, na umwandikie kwamba umelia. Lakini usimwite kwa uongo.»

Wakaandika basi barua ya kweli. Wakamweleza jinsi nyavu zilivyopasuka kwa mwamba na jinsi mdogo wake alivyozishona vibaya, hata mzee mmoja akazifumua zote. Wakataja nani amezaliwa, nani amefariki, na jinsi ndagala wanavyoanikwa mchangani. Mwishoni mama aliongeza kwa mkono wake kwamba mahali pake mkekani palikuwa wazi, na kwamba alilia, na kwamba asirudi kabla ya wakati wake.

Jibu lilikawia. Mwana aliandika kwamba alikuwa akiwafundisha wakatekumeni habari ya wavuvi wa Galilea, nao hawakuelewa, kwa sababu wengi wao hawajaona ziwa tangu kuzaliwa. Aliwasomea barua ya mama. Wakaelewa wavu ni nini, na uchungu wa kuuacha. Mzee mmoja akauliza: «Na baba yao, nani alimsaidia kazi?» Padri akawaambia: «Ndilo swali la kwenu. Baba yangu naye yuko pwani.» Akaongeza neno hili kwa mama yake: kama ile barua ya kwanza ingalimfikia, angalikuja mbio, na angalipoujua uongo, asingaliamini tena habari yoyote ya nyumbani.

Mfano huu wafundisha mambo matatu.

La kwanza ni ukweli. Mmisionari aliye mbali huishi kwa habari za kwao. Jamaa ikimdanganya ili kumvuta, au ikimficha msiba ili kumtuliza, inamwondolea ardhi anayosimamia. Baba akiwa mgonjwa kweli, na aambiwe; wakubwa wake nao ni watoto wa watu. Mama akilia, na aambiwe. Bwana Yezu mwenyewe alilia mbele ya kaburi la Lazaro. Dhambi haimo katika machozi; imo katika kuyafanya machozi kuwa kamba ya kumfunga mtu.

La pili ni kutoa sadaka, hata sadaka ya raha. Wako wanaodhani kwamba jamaa iliyo na mwana mbali haina ruhusa ya kufurahi penye ziwa. Sivyo. Bwana Yezu aliwaona mitume wamechoka, akawaita wapande chombo waende mahali pa faragha wapumzike kidogo. Pumziko ni zawadi ya Mungu, na zawadi yaweza kutolewa kwa ajili ya mwingine. Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yezu hakutoka katika monasteri yake ya Lisieux kwenda misioni yoyote. Alipokuwa mgonjwa, mwaka 1897, aliagizwa kutembea kidogo bustanini. Mtawa mmoja alimwona amechoka, akamshauri apumzike. Teresia akaeleza kwamba anatembea kwa ajili ya mmisionari mmoja mbali huko, ambaye labda amechoka. Kati ya wale aliowaombea na kuwaandikia barua alikuwako Mfaransa mmoja, Maurice Bellière, aliyeingia shirika la Mapadri Weupe na kutumwa baadaye katika nchi za Ziwa Nyasa. Mwaka 1927 Baba Mtakatifu Pio XI alimtangaza Teresia kuwa msimamizi wa misioni pamoja na Mtakatifu Fransisko Saveri. Ikiwa hatua za mgonjwa zilimfaa mmisionari, kicheko cha watoto majini kikitolewa kwa Mungu kitamfaa pia. Huo ndio Ushirika wa Watakatifu ambao Wakristu huutaja katika Nasadiki: mali ya mmoja ni mali ya wote, nao umbali hauukati.

La tatu ni nafasi iliyo wazi. Nafasi ya mwana aliye mbali haipaswi kuwa kaburi katikati ya nyumba. Mungu humpa mwana huyo mama na ndugu wengi huko aliko, kama Yezu alivyowaahidia waliowaacha wazazi wao kwa ajili yake. Basi na jamaa yake impokee mwingine: yatima wa jirani, mwanafunzi asiye na kwao, mgeni apitaye. Aliye mbali anakula mezani pa watu wengine. Ni haki mwana wa watu wengine ale mkekani pake. Wala mtoto huyo asiambiwe kila siku kwamba ameketi mahali pa padri. Na apewe samaki, ashibe.

Katika kiangazi hiki, kila jamaa iliyomtoa mwana au binti na itimize mambo haya: iandike barua moja ya kweli, au itume habari ya kweli kwa simu; itoe siku moja ya raha kwa ajili yake, ikisali Rozari pamoja jioni; imkaribishe mtu mmoja kula. Na jamaa ambayo Mungu hajaomba mwana kwake isiseme kwamba neno hili haliihusu. Zebedeo naye aliamka asubuhi ile akidhani ni siku ya kutengeneza nyavu tu.

Bwana Yezu, aliyewaita wavuvi penye ziwa, awatie nguvu waliokwenda, awafariji waliobaki chomboni, na siku ya mwisho awaketishe wote pamoja pwani moja isiyo na kutengana. Amina.