Mambo Yanapofanana

Katika mazungumzo ya jioni hapa kwetu Unyamwezi yapo maneno mawili yapendwayo sana: "Si bure." Jina la mtu likipatana na yaliyompata, twasema si bure. Tarehe za mambo mawili makubwa zikikutana, twasema si bure. Nakshi ya mlango ikifanana na habari za mwenye nyumba, twasema vivyo hivyo. Nataka tuyapime maneno haya, maana ni mepesi kinywani, lakini yamekwisha kubebeshwa mizigo mizito, na mingine ni ya damu.

Tuanze na majina, tena ya njia yetu ya zamani, iliyotoka pwani ikapita Tabora na kufika Ujiji. Mlango wake ulikuwa Bagamoyo. Wengi husimulia ya kuwa jina hili latokana na "bwaga moyo". Walakini maana yake husimuliwa namna mbili. Wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi, walichukua pembe mabegani miezi mitatu au zaidi. Walipoiona bahari walitua mizigo, wakabwaga moyo, yaani wakapumzika. Watumwa nao walipoiona bahari ile ile walibwaga moyo, yaani walikata tamaa, kwa kuwa safari ya ng'ambo haikuwa na kurudi. Jina ni moja, na pwani ni moja. Basi jina lenyewe halikusema neno. Waliosema ni wasikiaji, kila mmoja kwa mzigo wake.

Ndivyo ilivyo na milango ya nakshi ya miji ya pwani. Mingi imechongwa mnyororo pembeni. Huyu husema mnyororo ule ni ulinzi wa nyumba. Yule husema ni alama ya biashara ya watumwa. Mti uliochongwa ni ule ule, bali macho ni mbalimbali.

Tena yako majina yapatanayo na mambo kwa sababu yaliyafuata. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyekufa tarehe 2 Desemba 1884, hapo kwanza aliitwa Mtyela Kasanda. Jina la Mirambo, ambalo hufasiriwa kuwa ni maiti, alilipata kwa vita. Asiyejua hayo hustaajabu kwamba mtu wa vita alikuwa na jina la vita, kana kwamba jina ndilo lililomtuma. Nasi twawaita watoto Mabula kwa ajili ya mvua, na mapacha twawaita Kulwa na Doto. Je, nani atastaajabu kuona Kulwa ana pacha wake?

Mfanano wa majina umewahi kuwapoteza hata wasomi. Ptolemy wa Aleksandria, aliyeishi katika karne ya pili, aliandika habari za Milima ya Mwezi, ambayo theluji yake hulisha chemchemi za Nile. Miaka mingi baadaye watu wa Ulaya wakasikia habari za Wanyamwezi, jina ambalo wengi hulieleza kuwa ni watu wa upande wa magharibi, mwezi mchanga unakoonekana. Wako waliosema: mwezi huku na mwezi kule, si bure! Speke, aliyefika Tabora pamoja na Burton mwezi wa Novemba 1857, alichora katika ramani yake safu ya milima kaskazini ya Ziwa Tanganyika, iliyopindwa kama mwezi mchanga, akaiita Milima ya Mwezi. Mchoro ulikuwa mzuri, jina likapatana na umbo; walakini siku hizi wengi hudhani milima ya Ptolemy ni Ruwenzori, iliyo mpakani mwa Uganda na Kongo. Mfanano uliopendeza machoni haukuweza kuihamisha milima.

Na tarehe je? Stanley aliandika ya kuwa alikutana na Livingstone pale Ujiji tarehe 10 Novemba 1871. Kitabu cha siku cha Livingstone chaliweka jambo hilo mwishoni mwa Oktoba. Wanaume wawili walishikana mikono, na vitabu vyao havikukubaliana siku! Hata kifo chake Livingstone, mti ulioandikwa na Jacob Wainwright ulichongwa 4 Mei 1873, na jiwe la kaburi lake kule London lasema 1 Mei. Ajengaye ajabu juu ya tarehe, na aangalie kwanza ni nani aliyeiandika.

Tarehe nyingine hukutanishwa na watu kwa kusudi. Chama cha Afro-Shirazi kilianzishwa Unguja tarehe 5 Februari 1957. Azimio la Arusha lilitangazwa 5 Februari 1967. CCM ikazaliwa 5 Februari 1977. Hii ya tatu haikuanguka kutoka mawinguni. Ilichaguliwa, ili watu wakumbuke yale yaliyotangulia.

Na nyingine hukutana kwa wingi wa mambo tu. Mwalimu mwenye watoto 40 darasani aulize siku zao za kuzaliwa. Karibu mara 9 katika kila mara 10 ataona walau wawili waliozaliwa tarehe moja, ingawa mwaka una siku 365. Hata wakiwa 23 tu, yaelekea zaidi kupatikana wawili hao kuliko kukosekana. Sababu ni kwamba kila mtoto hulinganishwa na wenzake wote, na jozi za watoto ni nyingi kuliko tudhanivyo.

Labda mtu atasema: "Mwalimu, haya ni michezo ya wasomi, yana dhara gani?" Ndugu yangu, dhara lake twalijua. Katika nchi zetu za Unyamwezi na Usukuma vikongwe wameuawa kwa ajili ya mfanano. Bibi alipita njia ile asubuhi, na jioni mtoto akafa: si bure. Macho yake mekundu: si bure. Wala hawahesabu siku nyingi alizopita na mtoto asiugue. Wala hawaukumbuki moshi wa kuni na wa samadi alioupikia wana wao miaka hamsini. Mawazo yaliyochora milima mahali isipokuwapo ndiyo yachorayo uchawi katika uso wa bibi.

Mwingine atauliza: "Je, Mungu hawezi kusema nasi kwa ishara?" Aweza. Lakini kumbukeni watu wa Malta. Nyoka alipojiviringisha mkononi mwa Paulo, walisema ni mwuaji. Alipokaa asife, walisema ni mungu. Ishara ilikuwa moja, hukumu zikawa mbili, na zote mbili zilikuwa za uongo.

Kwa hiyo tusipokee "si bure" pasipo kuuliza maswali matatu. Je, jambo hili lilizaa lile? Je, nimehesabu na siku ambazo hayakukutana? Tena, ishara hii yanionya mimi, au yamshitaki mwenzangu? Ikinionya mimi nitengeneze mwendo wangu, nitaipokea kwa shukrani, kama msafiri alivyojifunza ustahimilivu kwa jina la Bagamoyo. Bali ikimshitaki mwenzangu, nisiipe kiti barazani, maana mfanano waweza kuwa mwalimu, lakini hauwezi kuwa shahidi.

Wazee walisema dalili ya mvua ni mawingu, nao walisema kweli, kwa kuwa wingu ndilo lichukualo mvua. Basi anayeona macho mekundu na atazame kwanza jikoni.